Somo Lililofundishwa Mara Mbili

GOMA – Jumatano moja ya Novemba 2025, katika shule moja ya msingi huko Kibumba, wilayani Nyiragongo, kaskazini mwa mji wa Goma, mwalimu wa darasa la tano aliingia darasani saa moja na nusu asubuhi. Alisalimia, akafuta ubao kwa kipande cha godoro, akaandika tarehe, akaanza somo la hesabu. Alichora mkate, akaugawa nusu. Akachora mwingine, akaugawa sehemu tatu. Akaonyesha namna ya kujumlisha nusu na theluthi. Watoto wakafungua madaftari, wakanakili. Alipofika kwenye zoezi la tatu, msichana mmoja wa benchi la mbele alinyoosha kidole.

"Mwalimu, hii tuliisoma jana."

Mwalimu aligeuka kuutazama ubao. Tarehe aliyoiandika ilikuwa ya Jumanne. Mikate ilikuwa ile ile, mazoezi yale yale. Watoto 72, wengine wakiwa kwenye mabenchi, wengine kwenye mawe meusi ya volkano waliyoyabeba kutoka nje, walikuwa wamenakili somo la jana kwa karibu nusu saa, na hakuna aliyesema neno.

Angeweza kucheka, akafuta, akaendelea. Zamani angefanya hivyo. Siku hiyo aligonga meza kwa rula na kumwambia msichana atoke nje. Msichana alichukua daftari lake akatoka. Alhamisi hakuja shuleni. Ijumaa hakuja pia.

Kwa mtu wa mbali, kisa hiki ni kidogo. Nani hajawahi kukosea tarehe? Lakini mwalimu huyo hakupata usingizi. Kilichomsumbua si kosa lenyewe. Aliwaza wale watoto 71 walionyamaza. Waliona kosa, wakaona ni heri kulinakili kuliko kumwambia. Sababu aliijua: walikuwa wanamwogopa. Tangu lini? Hilo hakuweza kulijibu.

Ana miaka 43, mke na watoto sita. Alianza kufundisha Septemba 2006, mwaka ule ule nchi ilipopata Katiba mpya, ambayo kifungu chake cha 43 kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Alikuwa kijana mwenye diploma ya ualimu na mfuko wa ngozi alioununua katika soko la Virunga. Watoto walikuwa wakimwona barabarani wanakimbia, wanagombania kuubeba ule mfuko. Wazazi walimwita "Mwalimu" hata wale waliomzidi umri, na kwenye harusi alipewa kiti cha mbele.

Tangu hapo amekimbia na rejista ya darasa mara tatu. Oktoba 2008, vita vya CNDP vilipofika Kibumba, alishuka na watu hadi Kibati. Novemba 2012, siku chache kabla M23 kuingia Goma kwa mara ya kwanza, alikimbia tena mpaka Mugunga. Mwisho wa mwaka 2022 aliteremka na familia yake hadi Kanyaruchinya, wakakaa chini ya shitingi zaidi ya miaka miwili. Katikati ya hayo, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka, na nyumba ya shemeji yake kule Buhene ikamezwa na moto wa volkano. Kila mara aliporudi alikuta kitu kimepungua. Mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji wa Goma mwisho wa Januari na kambi za wakimbizi kuvunjwa Februari, alirudi Kibumba akakuta bati zimetobolewa na mabenchi mengi yamekuwa kuni. Ubao ulikuwepo. Akaanza na ubao.

Siku yake inaanza saa kumi na nusu alfajiri. Anaandaa fishi za masomo kwa taa ya simu kabla betri haijaisha. Kibumba ni ardhi ya volkano: mvua inanyesha lakini mawe yanaimeza, na msimu wa kiangazi watu hutembea mbali na vidumu vya manjano kutafuta maji. Watoto wake wakienda maji, yeye anawasha moto. Kisha anatembea karibu kilomita tano hadi shuleni. Anafundisha mpaka saa sita na nusu, anapumzika kidogo bila chakula, halafu anaanza zamu ya mchana: darasa la tatu, ambalo si lake. Mwalimu wa darasa hilo aliondoka Septemba, wiki ya pili tu baada ya masomo kufunguliwa, akaenda Goma kuendesha moto. Hakuna aliyekuja mahali pake.

Akitoka shuleni anapita shambani, maana bila viazi, kabichi na karoti nyumba yake haili. Jioni yanamsubiri madaftari. Hesabu yake ni rahisi, na yeye ni mwalimu wa hesabu: daftari moja likichukua dakika mbili, madaftari 72 ni dakika 144. Hilo ni zoezi moja la somo moja. Darasa la tatu bado. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa sasa haysahihishi yote. Anaweka alama ya vyema chini ya ukurasa bila kusoma. Watoto wanajua. Mtoto hujua mapema kuliko inspekta kama daftari lake limesomwa.

Yule mwenzake aliyekwenda kwenye moto alikuwa kati ya wale wanaoitwa NP, yaani walimu wasiolipwa. Nchini Congo mwalimu anaweza kufundisha miaka mingi, akiwa na barua ya kazi, darasa na wanafunzi, lakini jina lake likawa halijaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Zamani hao waliishi kwa motisha, zile pesa wazazi walizochanga kila mwezi. Hata aliyelipwa alizitegemea, maana mshahara peke yake haukutosha kula na kuvaa. Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ilianza kutekeleza masomo ya msingi bila malipo. Motisha ikakatazwa katika shule za msingi za serikali.

Jambo hilo lilikuwa jema, na mwalimu huyu haachi kulisema. Ameona wasichana waliokuwa wanauza karoti kando ya barabara ya Rutshuru wakiingia darasani kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka kumi. Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kusaidia mpango huo. Ilivyokuwa Uganda mwaka 1997 na Kenya mwaka 2003 ndivyo ilivyokuwa Congo pia: mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa wingi kuliko walimu, mabenchi na vyumba. Motisha iliondoka siku moja. Kuwaingiza NP kwenye orodha kumeenda kwa hatua za kinyonga, na wengine wanasubiri mpaka leo.

Mwalimu wa darasa la tano si NP. Ana namba yake ya matrikule, na katika kijiji anahesabiwa kuwa mwenye bahati. Lakini tangu benki za Goma zilipofunga milango mwisho wa Januari 2025, bahati hiyo imekuwa ya kufukuzia. Wenye pesa kwenye akaunti walilazimika kuvuka mpaka hadi Gisenyi kuzitoa, au kutafuta njia za simu na kukatwa kila wanapotoa. Mtu wa Kibumba akitaka kufuatilia mshahara wake analipa usafiri, anapoteza siku mbili, anaacha madarasa mawili bila mwalimu, na anaweza kurudi mikono mitupu. Akichelewa kurudi wazazi wanasema: walimu wa siku hizi ni wavivu.

Kitu kingine kilikufa kimya kimya: likirimba. Walimu sita wa shule hiyo walikuwa na likirimba yao. Kila mwezi mmoja alipokea mchango wa wote, na siku ya kukabidhiana walikaa pamoja nyuma ya ofisi ya direkta, wakala viazi vya kuchemsha, wakalalamika, wakacheka. Mshahara ulipokosa tarehe, likirimba ilikosa tarehe pia, ikavunjika. Hakuna aliyehesabu hasara ya yale mazungumzo. Siku hizi, saa ya kutoka ikifika, kila mwalimu anaondoka kwa njia yake.

Hali hii ina jina katika elimu ya saikolojia. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, msaikolojia wa New York, aliandika juu ya wafanyakazi wa kujitolea katika kliniki ya bure waliokuwa wameungua ndani kwa kazi yao. Hawakuwa wavivu. Wengi walikuwa wale walioipenda kazi kuliko wengine. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo katika orodha yake mpya ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa, bali jambo linalotokana na msongo wa kazi wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa. Lilitaja dalili tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi, au kuidharau, na mtu kuona kwamba hafanikishi tena lolote.

Anayepika kwa makala hahitaji kusoma hayo kwenye kitabu. Kipande cha makala kinaweza kubaki na umbo lake lote juu ya mbabula, ukadhani bado kizima. Ukikigusa kinaanguka, ni majivu. Mwalimu wa darasa la tano alikuwa anafika kazini kila siku, shati limepigwa pasi, chaki mfukoni. Kwa rejista ya shule alikuwa yupo. Ile dalili ya pili ndiyo iliyompata bila yeye kuijua: alikuwa ameacha kuwasikia watoto. Walikuwa wamegeuka kelele, idadi, madaftari.

Kila tarehe 30 Aprili, siku ya walimu nchini Congo, hotuba hazikosi. Husemwa kwamba mwalimu ni mshumaa unaowaka ili wengine waone. Watu wanapiga makofi. Ni maneno mazuri, lakini mshumaa ukiisha watu hununua mwingine, na hapo ndipo mfano unapomwumiza mwalimu. Husemwa pia kwamba ualimu ni wito. Ni kweli, lakini wito haupiki ugali, na mtu akiambiwa kila siku kwamba kazi yake ni wito, anaona haya kusema amechoka. Anadhani akisema hivyo atakuwa amekiri kwamba hakuitwa.

Goma ina kituo cha afya ya akili kinachojulikana, Tulizo Letu. Mwalimu huyo amepita mbele ya jina hilo mara nyingi. Hajawahi kufikiri kwamba linaweza kumhusu. Kijijini huko husemwa ni kwa wenda wazimu, na mwalimu akionekana anaingia pale, ni mzazi gani atamwachia mtoto tena? Kwa hiyo anakwenda kwenye duka la dawa, anasema kichwa kinauma, anapewa vidonge.

Mke wake aliona kabla yake. Ijumaa ile usiku alimwekea sahani ya maharagi, akaiangalia ikipoa.

"Baba watoto, tangu lini hutuambii habari za shule?"

"Hakuna habari."

"Zamani ulikuwa unatuchekesha mpaka watoto wanakataa kulala. Leo unakula kama mtu wa kituo cha basi."

Hakujibu. Katika simu yake kulikuwa na ujumbe wa yule mwenzake wa darasa la tatu: kuna mwenye moto anatafuta dereva mwaminifu, kwenye njia ya kutoka katikati ya mji hadi Ndosho. Moto haina madaftari. Mteja anapanda, anashuka, analipa papo hapo. Jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda shambani, alitembea hadi nyumbani kwa yule msichana. Njiani alikutana na vijana wa chukudu wakiteremka kuelekea Goma, magunia ya kabichi yamepangwa juu kupita vichwa vyao. Wawili kati yao walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Walimwamkia wakiwa mbio, hawakuweza kusimama.

Mama wa msichana alikuwa uani anaosha karoti za soko. Alipomwona alifuta mikono haraka, akamletea kiti, akaanza kuomba msamaha kabla hajaketi.

"Mwalimu, utusamehe. Mtoto amekosa heshima. Baba yake akirudi ataongea naye."

Maneno hayo yalimchoma kuliko angetukanwa. Alibaki amesimama.

"Hapana, Mama. Mtoto alisema kweli. Aliyekosa ni mimi. Nimekuja kumwambia arudi."

Mama alinyamaza kidogo. Alikuwa hajui kisa chote, maana mtoto hakumweleza kwamba alifukuzwa. Alikuwa amesema jambo jingine.

"Yeye aliniambia: Mwalimu amechoka, tuko wengi sana. Akasema tukipungua labda atapumzika."

Msichana alikuwa nyuma ya nyumba, anasikia. Mwalimu alimwita kwa jina lake, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu masomo yaanze, akamwambia mbele ya mama yake kwamba alikuwa na haki, na kwamba mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu kosa anasaidia darasa zima. Msichana alitazama chini. Akauliza tu kama zoezi la tatu lilimalizika.

Jumatatu, kabla ya kengele, mwalimu aliingia ofisini kwa direkta na kusema neno ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka 19: "Direkta, mimi siwezi tena hivi." Alitegemea kuambiwa avumilie. Direkta alifunga mlango. Yeye mwenyewe, kumbe, alikuwa ameacha kulala tangu Septemba, kwa kuwa kila barua inayotoka juu inataka takwimu na kila mzazi anayeingia anataka mwalimu wa darasa la tatu.

Walichoweza kufanya kilikuwa kidogo, na walikifanya. Zamu ya mchana ya darasa la tatu iligawanywa kwa walimu watatu, kila mmoja siku mbili kwa wiki, badala ya mmoja kuibeba peke yake. Mazoezi ya hesabu sasa yanasahihishwa ubaoni na watoto wenyewe, wakibadilishana madaftari, na mwalimu anachukua madaftari kumi tu kila siku na kuyasoma kweli. Likirimba ilirudi kwa sura nyingine: hakuna franka, basi kila mwalimu analeta kopo moja la Guigoz la maharagi kila Ijumaa, na kila Ijumaa mmoja anaondoka na makopo yote. Maharagi ni kisingizio kizuri. Wanakaa tena nyuma ya ofisi nusu saa, na kila mtu anasema wiki yake ilivyokuwa. Kamati ya wazazi nayo, ambayo haina pesa za kutoa na hairuhusiwi kuzidai, ilikubali kufanya salongo kwenye mashamba ya walimu Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Hayo hayaleti mshahara. Hayafungui benki wala kumpa NP namba ya matrikule. Hayanyamazishi bunduki. Mwenye kudaiwa hayo si mzazi wa Kibumba mwenye karoti zake tano sokoni, na salongo isigeuke sababu ya wakubwa kusahau deni lao. Mwalimu anayelipwa kwa wakati, mwenye darasa la watoto anaoweza kuwajua kwa majina, hahitaji kuhubiriwa uvumilivu. Lakini kati ya leo na siku deni hilo litakapolipwa, kuna watoto darasani, na kuna mtu mzima mbele yao anayeweza kuzimika bila yeyote kuona. Kumwuliza habari zake hakugharimu kitu. Kumwita mvivu kunagharimu sana, na anayelipa ni mtoto.

Ujumbe wa moto bado uko kwenye simu. Hajajibu ndiyo, hajajibu hapana. Mwisho wa mwezi haujafika, na akiondoka hakuna mwenye haki ya kumhukumu.

Jumatatu ile, alipotoka ofisini, alikuta darasa limesimama kumsubiri. Benchi la mbele lilikuwa limejaa. Alifuta ubao kwa kipande cha godoro, akachukua chaki, lakini hakuandika. Aligeuka.

"Leo ni tarehe ngapi?"

Kimya. Akangoja. Akauliza mara ya pili, na kuongeza kwamba hataandika mpaka wamwambie. Kwanza ikatoka sauti moja, halafu kumi, halafu darasa zima likapaza sauti kwa pamoja, na yeye akaandika walivyomwambia.